SOMO: Antivairasi ya kifurushi kimoja au kila kinga peke yake? Namna ya kuamua kabla hujatoa hela

Mwangaluka wakuu.

Nina steshenari na meza ya ufundi hapa Tabora mjini, upande wa stesheni ya treni. Somo hili limetokana na laptopu moja ya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Katibu aliileta akisema imekuwa nzito, akiiwasha asubuhi anakunywa chai mpaka anamaliza ndipo inafunguka. Nikaikuta na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, antivairasi mbili zinafanya kazi kwa pamoja, na ya tatu muda wake uliisha mwaka uliopita. Ulinzi wa Windows yenyewe ulikuwa umezimwa. Ndani kulikuwa na majina ya wakulima na kilo za kila mmoja alizopeleka sokoni. Na pamoja na antivairasi zote hizo, kirusi cha shotikati (kile kinachoficha folda za flashi) kilikuwa kimo humo humo.

Katibu hakuwa mzembe. Kila fundi aliyempitia alimwongezea kinga, hakuna aliyeuliza mashine ina nini tayari. Swali la kifurushi au kinga mbalimbali lijibiwe baada ya hilo.

Hatua ya 1: Jua unachagua nini

Kifurushi ni programu moja ya kulipia kila mwaka, ndani yake mna antivairasi, fayawoli (inayosimamia nani aingie na nani atoke kwenye mtandao), kichujio cha tovuti za kitapeli, mara nyingi na kitunza nywila, VPN (njia ya siri ya kupitisha mawasiliano yako mtandaoni) na udhibiti wa watoto. Njia ya pili ni kuchukua kila kitu mahali pake: antivairasi huku, kitunza nywila kule, na kile usichokihitaji unakiacha.

Hatua ya 2: Angalia ulichonacho

Bonyeza kitufe cha Start, andika Windows Security, fungua. Ukiwa na Windows 10 au 11, antivairasi ya Microsoft Defender imo humo bila malipo ya ziada. Fayawoli nayo imekuwa ikija imewashwa tangu Windows XP ilipopata sasisho lake kubwa la pili mwaka 2004. Maana yake nusu ya kifurushi unayo tayari. Ukiona imeandikwa kuwa ulinzi unasimamiwa na programu nyingine, isome ni ipi, na muda wake umefika wapi.

Hapo hapo angalia toleo la Windows. Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake bado inapokea orodha mpya za virusi, lakini matundu (kasoro za usalama) ya Windows yenyewe hayazibwi tena kwa mashine ambayo haikusajiliwa kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama (ESU). Msidharau matundu. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake tangu Machi mwaka huo huo. Wengi walioumia ni ambao hawakusasisha. Kama mashine yako inakubali Windows 11, anza na hilo kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 3: Ondoa zilizorundikana

Antivairasi inayolinda muda wote ibaki MOJA. Kila unapofungua faili, mlinzi analishika kwanza alikague. Wakiwa wawili wanagombea faili lile lile, na mwingine anaweza kuona faili za mwenzake zenye alama za virusi akadhani amekamata kirusi. Ziondoe, zima mashine, washa upya. Ikibaki mabaki, kampuni nyingi za antivairasi zina kifaa chao cha kusafisha, kipakue kwenye tovuti yao wenyewe. Ukishaondoa ya mwisho, Defender huwa inajiwasha. Hakikisha kwa macho yako.

Hatua ya 4: Sasa amua

Swali la kwanza ninalomuuliza mteja ni hili: mwaka kesho nani atalipa? Mashine nyingi zinazofika kwangu zikiwa na kifurushi, kimeisha muda. Mwenyewe anaona bado kile kialama kiko pale chini kwenye kona, anajua yuko salama, kumbe orodha ya virusi ni ya zamani. Kifurushi kilichoisha muda nakiona kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kinaweza kuendelea kukalia nafasi ambayo Defender ingeishika bure. Kama huna uhakika wa kulipa mwaka wa pili, usianze.

La pili ni RAM. Ukiwa na GB 4, kifurushi chenye mambo sita utakisikia kwenye kila unachofungua. GB 8 kwenda juu hilo si tatizo kubwa.

La tatu, nani atasoma maonyo? Kinga mbalimbali zinataka mtu wa kuzifuatilia, asasishe hiki, akumbuke kile. Kwa mzee wako aliyeko Igunga ambaye anatumia laptopu kwa barua pepe na hesabu za duka, na wewe uko mbali, kifurushi kinachojiendesha na unachokilipia wewe mwenyewe ni msaada wa kweli. Kwa kijana wa chuo ambaye anajua anachobonyeza, ni hela ya kupoteza.

Mimi kwenye mashine zangu za steshenari nimeacha Defender na fayawoli ya Windows, nikaongeza uBlock Origin kwenye Firefox kuzuia matangazo yenye mitego, Bitwarden kwa nywila, na Malwarebytes ya bure ambayo naiita tu ninapotaka kukagua mara ya pili. Hailindi muda wote, kwa hiyo haigombani na Defender. VPN sijaona kazi yake hapa dukani.

Hatua ya 5: Sasisha bila kumaliza bando

Watu wengi hapa wanaunganisha laptopu kwa simu, na wameiwekea Windows mpangilio wa mtandao wa kulipia kwa kipimo ili isile bando. Vizuri, ila ukifanya hivyo masasisho yanaweza kubaki nyuma. Nenda kwenye tovuti ya Microsoft, pakua faili la masasisho ya Defender liitwalo mpam-fe.exe. Lina zaidi ya MB 100, lakini unalipakua mara moja, unaliweka kwenye flashi safi na kuzungusha mashine zote. Chagua la biti 64 au 32 kulingana na Windows yako. Angalau mara moja kwa wiki.

Hatua ya 6: Flashi

Msimu wa fomu za mikopo ya chuo ndio napokea flashi nyingi kuliko wakati wowote, na kirusi cha shotikati kinatembea nazo. Kinaficha folda zako, kinaweka shotikati zenye majina yale yale; ukibofya, unakiendesha chenyewe. Usiifomati flashi ya mtu! Mafaili yamo. Ikague kwanza kwa antivairasi, kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike hivi, ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitaonekana tena, ndipo ufute zile shotikati.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI

Mwalimu, Kaliua: Mkuu, fundi mmoja ameniwekea kifurushi cha kulipia kwa buku tano, anasema hakiishi muda. Kuna ubaya?

Jibu: Shikamoo mwalimu. Kwa bei hiyo kimekrakiwa, yaani kufuli lake la malipo limevunjwa. Ili kraki ikubali, mara nyingi lazima kwanza ulinzi uzimwe, halafu uendeshe programu usiyoijua aliyeitengeneza ukiwa umeipa mamlaka yote ya mashine. Kiondoe. Kisha ingia Windows Security utafute orodha ya sehemu zilizoruhusiwa kupita bila kukaguliwa (Exclusions). Ukikuta diski C nzima imo, itoe, halafu fanya ukaguzi kamili. Na nywila ya barua pepe ibadilishe, kwa kutumia mashine nyingine.

Mhasibu, Urambo: Ofisini tuna kompyuta kumi na mbili na hatuna mtu wa IT. Bado unashauri Defender?

Jibu: Hapana dada, hapo nanunua kifurushi cha ofisi, chenye ukurasa mmoja unaoonyesha mashine zote: ipi haijasasishwa, ipi imekamata kirusi. Kuzungukia meza kumi na mbili kila wiki hakuna atakayeendelea nako. Ila ada ya mwaka iingizwe kwenye bajeti mapema, isisubiri mpaka kiishe.

Mwanachama, Nzega: Kuweka kila kitu kwa kampuni moja si hatari? Ikikosea yenyewe je?

Jibu: Imeshatokea. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la antivairasi ya McAfee lilidhani faili la Windows XP liitwalo svchost.exe ni kirusi, mashine zikawa zinajizima na kujiwasha. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho la kinga ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Lakini angalia, hapo iliyokosea ni kinga yenyewe ya kulinda muda wote, na hiyo utakuwa nayo moja tu hata ukichagua njia ya pili. Kinachokuokoa ni nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje, inayochomolewa ukimaliza kunakili. Yule katibu wa tumbaku sasa ananakili kila Ijumaa.

Mwanafunzi, Sikonge: Nimefuata amri ya attrib, folda zimerudi. Nikachomeka tena kwenye laptopu yangu, shotikati zimerudi pia.

Jibu: Basi kirusi kiko kwenye laptopu, flashi inaambukizwa upya kila ukiichomeka. Chomoa flashi. Ndani ya Windows Security, sehemu ya aina za ukaguzi, chagua ule wa Microsoft Defender Offline. Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu mashine itajizima na kukagua kabla Windows haijawaka, kirusi kikiwa hakijaamka. Huchukua kama robo saa. Ikishawaka, rudia hatua ya 6 kwa flashi, kisha uje utuambie hapa umekuta nini.