Kupanga bei ya kuku wa maonyesho ya Nane Nane, na kuitetea mpaka jioni ya mwisho

Bei ya kuku haipangwi uwanjani. Ukifika viwanja vya John Mwakangale hapa Uyole tarehe 1 Agosti ukiwa bado unajiuliza uuze shilingi ngapi, jirani wa banda la pili atakupangia, na wateja watakupangia upya kila saa. Mimi hukaa na kalamu mwishoni mwa Julai, nyumbani Igawilo, kuku wakiwa bado bandani.

Chukua vifaranga chotara 100 wa siku moja, tuseme umewapata kwa 1,900 kila mmoja. Mpaka wiki ya nne kila mmoja amekula kama kilo moja ya chakula cha kuanzia, 1,600. Chanjo, vitamini na mkaa wa kuwapa joto, weka 500, maana Mbeya mwezi wa saba mkaa hauna utani. Jumla 4,000 kwa kichwa, yaani 400,000. Wengi huishia hapo, wakaandika 5,000 wakidhani wana faida ya elfu. Lakini hao 100 hawafiki wote. Mimi huhesabu 10 kuwa wamekufa hata kama safari hii wamekufa wanne tu, kwa hiyo ile 400,000 inabebwa na 90, na kila aliyebaki amenigharimu kama 4,450. Bado kuna ada ya banda, pikapu ya kubeba matenga, mlinzi wa usiku na chakula cha kijana anayenisaidia. Hesabu hiyo huniangukia kama 1,000 kwa kila kuku. Sasa tuko 5,450. Ndiyo maana kadi yangu imeandikwa 7,000, na moyoni nina 6,000 ambayo kabla ya jioni ya mwisho sishuki chini yake hata aje shemeji.

Kadi iandike kwa herufi kubwa na uibandike. Wapo wenzangu wanaokataa kuandika bei, wanasubiri kwanza wakupime viatu. Huo mchezo unafanya kazi siku mbili tu. Ya tatu watu wameshaulizana, na aliyeuziwa 9,000 anarudi na wifi yake kugomba. Chini ya bei andika umri, aina, na chanjo zilizokwishatolewa pamoja na tarehe zake: mdondo, gumboro. Mteja wa kuku anachoogopa ni kufika nao Mbozi wakaanza kusinzia. Kadi ya chanjo inamtuliza kuliko maneno yangu yote, na anayeisoma hadi mwisho mara nyingi haombi punguzo kubwa.

Vifaranga wa siku moja usiwalete kabisa. Uyole iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na upepo wa Agosti unapita chini ya turubai. Kifaranga anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza. Utauza maiti zinazotembea. Kwa hao chukua oda tu.

Kuchi, wale kuku wa asili warefu, wana hesabu yao. Jogoo wa kuchi hauzwi kwa gharama ya pumba, anauzwa kwa kimo, shingo na miguu. Mbele kabisa namweka jogoo bora kuliko wote, kadi yake 150,000. Akiuzwa, vizuri. Asipouzwa, anafanya yule wa 80,000 aliye nyuma yake aonekane wa haki, na kweli ni wa haki. Tetea usimuuze peke yake mapema. Anayeanza ufugaji mshauri achukue jogoo mmoja na matetea kadhaa, umpe bei ya pamoja, la sivyo utabaki na majogoo yanayopigana kwenye tenga. Na chotara usimwambie mtu kwamba atapata mbegu hiyo hiyo akitotolesha. Watoto wao hutoka mchanganyiko, wengine wadogo, na mteja atakukumbuka kwa jina.

Maongezi yenyewe huenda hivi:

"Dada, hawa mwisho shilingi ngapi?"
"Elfu saba kaka, wameshachanjwa. Unachukua wangapi?"
"Kumi. Nifanyie elfu tano."
"Elfu tano nimewalisha tu. Chukua kumi kwa elfu sabini, nakuongeza mmoja."

Hapo sijashusha bei, ila 70,000 kwa kuku 11 ni kama 6,360 kila mmoja, bado juu ya mstari wangu. Swali la "unachukua wangapi" liwahi kabla ya punguzo lolote. Mwenye kutaka wawili hana haki ya bei ya mwenye kutaka kumi. Akitaja anakotoka, shika hapo. Wa Iringa msalimie "kamwene", umwone anavyocheka. Wa Kyela mwambie asafiri alfajiri, matenga yasibanane, kwa sababu anawatoa kwenye baridi anawapeleka kwenye joto la ziwani. Ushauri huo ni bure na ndio unaomrudisha mwakani.

Jirani usimharibie bei, wala usiseme kuku wake wanakoroma mbele ya mteja. Wangu anauza bata mzinga na kanga. Anayetaka kanga nampeleka kwake, anayetaka kuchi analetwa kwangu. Kila mwaka hakosi wa kuniuliza kobe, au yule kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Poroto. Hao ni wanyamapori, bila kibali ni kesi chini ya sheria ya mwaka 2009, hata kwa kunong'ona usikubali.

Malipo ya simu: usisome ujumbe kwenye simu ya mteja. Mtandao ukizidiwa pale uwanjani ujumbe huchelewa, na matapeli wanalijua hilo. Angalia salio lako ndipo ufungue tenga.

Sasa tarehe 8 mchana. Msafara wa viongozi umepita, haujanunua kitu, na wanaanza kuja wale waliokuwa wakizunguka tangu asubuhi: "Mama, si unarudi nao hao? Tupe elfu nne." Wanajua unaogopa mzigo. Dawa yake ni kuleta kuku wachache kuliko unavyodhani utauza, na kujaza daftari la oda tangu siku ya kwanza. Wakibaki, wanaorudi wakae mbali na kundi la nyumbani wiki mbili au zaidi, maana wamepumua hewa ya kuku wa mikoa yote. Gharama ya kuwatenga ijue kabla; kwangu ni chini ya 500 kwa kila kuku, kwa hiyo wa 5,500 jioni ile namkubalia, wa 4,000 namtakia safari njema.

Oda nachukua kwa nusu ya malipo, jina, namba ya simu na wiki ya kuchukua. Asipotokea wiki mbili baada ya hapo, nampigia, nakata chakula walichokula, namrudishia kilichobaki, na kuku wanakwenda soko la Mwanjelwa.