Kabla ya Kwenda Japani Kufundisha Kiingereza Huku Ukichora Manga

Anza na vyeti, kalamu za manga, yaani katuni za hadithi za Kijapani, zitasubiri. JET, mpango wa serikali ya Japani wa kuleta walimu wasaidizi wa lugha ulioanza mwaka 1987, unataka shahada ya kwanza, ya fani yoyote. Kampuni binafsi mara nyingi huomba pia uthibitisho wa miaka 12 ya kusoma kwa Kiingereza. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali, miaka 7 kwa Kiswahili, anaweza kukwama hapo hata kama Kiingereza chake kimenyooka. Uliza kabla hujalipa senti.

Linalowaponyoka wengi ni viza. Viza ya ualimu ni ya ualimu tu. Ukitaka kulipwa kwa michoro, unahitaji kibali cha ziada cha uhamiaji, na mkataba wa mwajiri nao uwe haukukatazi. Usome mstari kwa mstari. Kuchora jioni chumbani kwako hakumhusu mtu.

Wachapishaji wakubwa wako Tokyo, na bado upo utaratibu uitwao mochikomi: mchoraji asiyejulikana anaomba miadi, anampelekea mhariri kurasa zake, anakosolewa ana kwa ana. JET lakini haikuhakikishii mji, na wengi hupelekwa mikoani. Nauli ya Tokyo iwemo kwenye bajeti. Mimi nisingekilalamikia kijiji: kodi ya nyumba ni nafuu, na jirani hatakusemesha Kiingereza.

Maana mhariri naye atakukosoa kwa Kijapani. JLPT, mtihani wa lugha ya Kijapani, una ngazi 5, kutoka N5 ya chini hadi N1 ya juu, na kanji, herufi zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida ni 2,136, basi usingoje kufika ndipo uanze. Ila mtihani haukufundishi jinsi bibi wa sokoni anavyoongea tofauti na mtoto wa sekondari, na manga huishi kwa maongezi hayo. Mwalimu anayasikia bure kila siku kwenye korido. Tembea na daftari. Tangu sasa zoea pia kupanga kurasa kutoka kulia kwenda kushoto.

Fedha: mshahara wa kwanza utachelewa, na nyumba nyingi hudai amana pamoja na reikin, malipo ya shukrani kwa mwenye nyumba yasiyorudi. Kodi ya wakazi, ambayo ni ushuru wa serikali ya mtaa na si pango, hukokotolewa kwa kipato cha mwaka uliotangulia, hivyo mwaka wa kwanza unaweza usiione kabisa, kisha ikaanza kukatwa wa pili. Usikodi chumba kwa hesabu za mwaka wa kwanza.