Jinsi jeshi linavyojua mzinga umepigia wapi, na mkaaji wa Goma afanye nini

Nafundisha fizikia sekondari hapa Goma, na jioni nafundisha vijana wa kartie yetu, yaani mtaa wetu, huduma ya kwanza. Wengi huniuliza: "Mwalimu, kwa nini mabomu yanatuangukia sisi tusio na bunduki?" Mara nyingi ni kwa sababu mzinga umepiga karibu na nyumba zetu, na upande wa pili umeshajua ulipo.

Hatua ya 1: Hesabu sauti. Inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde. Usiku, tangu mwako hadi mlio, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Lakini ondoka karibu na dirisha kwanza, hesabu ukiwa unasogea.

Hatua ya 2: Elewa kwamba sikio moja halitoshi, hasa hapa ambapo vilima vinarudisha mwangwi. Jeshi hutega vinasa sauti kadhaa, kila kimoja mbali na kingine. Mlio hufika kwa kimoja kabla ya kingine. Kila tofauti ya muda huchora mstari uliopinda kwenye ramani, na mistari inapokatana ndipo mzinga ulipo. Wataalamu wa volkano nao hutumia tofauti za muda kutafuta kitovu cha tetemeko chini ya Nyiragongo. Mwingereza Lawrence Bragg alianza kutafuta mizinga kwa sauti katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1915, akakwama: kombora lenye kasi kuliko sauti hupasua hewa kwa kishindo kinachofunika mlio mzito wa mzinga wenyewe. Mwaka 1916 mwenzake, William Tucker, akatumia waya mwembamba uliopashwa moto. Mlio mzito ulisukuma hewa, waya ukapoa, umeme ukabadilika. Kishindo kile hakikuugusa sana.

Hatua ya 3: Rada. Huliona kombora likiwa bado angani, ikakokotoa njia yake kurudi nyuma hadi lilikotoka. Jibu linaweza kupigwa baada ya dakika chache tu.

Hatua ya 4, ambayo naomba uifundishe nyumbani leo. Wapigaji wazoefu hupiga kisha wanahama. Nyumba yako haihami. Ukisikia mzinga ukipiga kutoka kartie yenu, usingoje jibu. Mbao hazizuii vipande, na udongo wetu ni mawe ya lava, hauchimbiki handaki kwa jembe. Kwa hiyo patana mapema na jirani mwenye nyumba ya matofali au zege. Kaeni chini kabisa, kwenye korido isiyo na dirisha, kuta mbili kati yenu na nje. Watoto walale kifudifudi, mikono juu ya kichwa.

Pakitulia, kombora lisilolipuka msiliguse wala msilirushie jiwe. Wekeni alama kwa mbali, wazuieni watoto, mwiteni mtegua mabomu.