Namna ya Kuandaa Mkusanyo wa Maarifa wa Kila Siku
Ikiwa huwatumia jamaa au wanafunzi wako viungo, taarifa, msamiati na picha kila asubuhi, chagua vitu vichache vinavyohusiana, kwa sababu mrundiko wa mambo yasiyoungana husomwa kwa pupa na kusahaulika kabla ya chakula cha mchana. Msomaji wa Nakuru akipokea picha ya heroe (ndege waitwao pia flamingo) wakiwa ziwani, mweleze papo hapo kwamba rangi yao ya waridi hutokana na chakula chao, hasa mwani mdogo mno unaoota katika maji ya magadi, kisha umwekee kiungo kimoja tu cha kuendelea kusoma. Kisumu nayo ina utajiri wake: reli ilifika huko mwaka wa 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na picha moja ya bandari yatosha kuifungua habari hiyo. Neno la siku litumie katika maelezo yayo hayo ya picha. Zaidi ya yote, na hili ninalisisitiza, hakikisha kila picha ilipigwa wapi na lini kabla ya kuituma, kwani picha za mafuriko ya zamani huzunguka upya msimu wa mvua na kuwatia watu hofu bure.