Umewekewa pleti na skrubu kwenye mfupa, sasa unaishi navyo vipi

Kama umetoka thieta juzi juzi na umeambiwa ndani ya mguu au mkono wako sasa kuna pleti (kibamba cha chuma) na skrubu kadhaa, najua unachowaza usiku, maana na mi nilikiwaza miezi mingi. Vitashika kutu? Vitahama? Nikianguka itakuaje, nikipita kwenye mashine za ukaguzi zitapiga kelele? Mimi nina pleti moja ndefu na skrubu 8 kwenye mfupa wa muundi, mwaka wa tatu huu, na kitu nilichokuja kukielewa kwa kuchelewa ni hiki: makosa mengi tunayofanya sisi wenye vyuma yanatokana na kudhani kwamba chuma ndo kimetuponya. Chuma kinashikilia tu. Anayepona ni mfupa, na mfupa una muda wake.

Nieleze kidogo hapa maana hii ndo roho ya kila kitu kinachofuata. Chukua waya, ukunje huku na huku, mara ya kwanza haukatiki, mara ya kumi haukatiki, lakini ukiendelea unafika mahali unakatika wenyewe bila hata nguvu kubwa. Pleti nayo ni hivyo hivyo. Kila ukikanyaga inapinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na inarudi. Mfupa ukiwahi kuunga unauchukua ule mzigo na pleti inapumzika, mfupa ukichelewa basi pleti inabeba peke yake mpaka inachoka na kukatika, hata iwe nene vipi. Kwahiyo kuanzia siku unatoka thieta ni mashindano kati ya mfupa kuunga na chuma kuchoka, na kazi yako wewe ni kuusaidia mfupa ushinde.

Mfupa unaunga kwa hatua. Siku za kwanza ni damu na uvimbe, kama wiki ya 2 au ya 3 panaanza kujengeka kiunganishi laini kati ya vipande vya mfupa, alafu kati ya wiki ya 6 na ya 12 ndo panakuwa pagumu, na baada ya hapo mfupa unaendelea kujichonga na kujinyoosha kwa miezi, hata miaka. Mkono mara nyingi unawahi, wiki 6 mpaka 8 hivi, mguu ni wiki 12 na kuendelea, ukiwa unavuta sigara au una kisukari kisichodhibitiwa ongeza. Sasa tatizo liko hapa: maumivu yanaisha mapema kuliko mfupa kuunga. Chuma kimetuliza sehemu iliyovunjika kwahiyo haisuguani, na wewe unajisikia umepona. Mi wiki ya 7 sikuwa nasikia maumivu kabisa, nikaanza kuacha gongo moja nyumbani, baadae yote mawili, sikumwambia mtu. Eksirei iliyofuata ikaonyesha skrubu ya chini kabisa imekatika katikati. Daktari wa mifupa hakunigombeza, alinionyesha tu ule mstari wa mfupa ambao bado ulikuwa mweusi, akasema bado hapajaunga, akanirudisha kwenye magongo wiki 5 zaidi. Ile skrubu iliyokatika ipo mpaka leo na hainisumbui. Lakini ningeendelea vile, ingefuata pleti na ningerudi kupasuliwa upya.

Kwahiyo usipime kwa maumivu, pima kwa eksirei na kwa maneno ya daktari wako. Na ukimuuliza usikubali jibu la jumla jumla kama "usikanyage sana". Kuna kutokanyaga kabisa, kuna kugusisha mguu chini kwa ajili ya balansi tu, kuna kukanyaga nusu, kuna kukanyaga uzito wote, haya ni maagizo manne tofauti. Kama ni nusu muulize ni kilo ngapi. Akikwambia kilo 20 basi chukua mzani wa kupimia uzito wa mwili, uweke chini karibu na ukuta, weka ule mguu juu yake huku umeshika magongo, kandamiza taratibu mpaka usome 20, rudia mara nyingi mpaka mguu wenyewe ujue 20 ni nzito kiasi gani. Utashangaa, wengi tukidhani tunakanyaga kidogo tunakuwa tumeshafika 40.

Magongo nayo: uzito uwe kwenye viganja sio kwapani, kwapani kuna mishipa ya fahamu na ukining'inia hapo muda mrefu mkono unaweza kufa ganzi au kulegea. Ngazi, wakati wa kupanda unatanguliza mguu mzima, wakati wa kushuka unatanguliza magongo na mguu mgonjwa. Ukifika hatua ya gongo moja unalishika upande wa mguu mzima, wengi wanashika upande mbovu na wanatembea wanapinda.

Uvimbe wiki za mwanzo ni kawaida na unaweza kukaa miezi, hasa jioni. Ukilala au ukikaa pandisha mguu uwe juu kuliko moyo, kuweka kwenye kistuli tu huku umekaa wima haisaidii sana. Barafu sawa, ila ifunge kwenye kitambaa, dakika 15 mpaka 20 basi, usiweke moja kwa moja kwenye ngozi, maana kando ya kovu mara nyingi pamekufa ganzi na unaweza kuungua na baridi bila kujua. Ile ganzi yenyewe isikutishe, vile vimishipa vidogo vya ngozi vilikatwa wakati wa upasuaji, sehemu nyingine hisia zinarudi, nyingine hazirudi.

Sasa hili la kidonda naomba ulisome mara mbili. Bakteria wakifika kwenye chuma wanajiganda juu yake na kujitengenezea utando, na kwakuwa chuma hakina damu inayopita ndani yake, dawa haziwafikii vizuri wala kinga ya mwili haiwafikii. Ndio maana maambukizi kwenye vyuma ni tofauti na kidonda cha kawaida. Ukiona wekundu unaotambaa, joto, usaha au maji yanayotoka kwenye kovu lililokuwa limeshafunga, homa, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, rudi kwa waliokufanyia upasuaji siku hiyo hiyo. Usijinunulie antibayotiki ukameza ukasubiri, zinaweza kupunguza dalili juu juu huku ndani kunaendelea, na pia zinamharibia daktari kipimo cha kujua ni bakteria gani. Na hii haina mwisho wa muda, inaweza kutokea hata baada ya mwaka, kwahiyo kijitundu kidogo kinachovuja juu ya kovu la zamani usikichukulie kama jipu tu.

Dalili nyingine za kukimbia hospitali bila kusubiri kesho: shavu la mguu limevimba na kuuma upande mmoja, au kifua kinabana na pumzi inakata ghafla, hiyo inaweza kuwa damu imeganda. Na siku za mwanzoni kabisa, maumivu makali mno ambayo dawa hazigusi, yanazidi ukivuta vidole, huku misuli imekaza kama jiwe, hapo ni saa sio siku.

Mazoezi. Watu wanaogopa kujongeza kiungo wakidhani skrubu zitalegea, alafu mfupa unaunga vizuri lakini goti au kiwiko kimekakamaa na kukirudisha ni kazi kuliko kuvunjika kwenyewe. Madaktari wanaweka pleti badala ya plasta ya muda mrefu mara nyingi kwa sababu hiyo hiyo, ili viungo vya juu na chini ya mvunjiko vianze kutembea mapema. Kama hujakatazwa, chezesha vidole kila saa, pampu kifundo juu chini, kaza msuli wa paja hesabu mpaka 5 achia. Paja langu lilisinyaa mpaka suruali ikawa inapwaya upande mmoja, ilichukua karibu mwaka kurudi. Na daktari akishakuruhusu kukanyaga basi kanyaga kweli, usiendelee kuulea mguu kwa woga, maana mfupa unajijenga kufuatana na mzigo unaoupata. Hili Julius Wolff, daktari Mjerumani, aliliandika tangu 1892 na bado ndo msingi wa fizio (mazoezi tiba) mpaka leo.

Kula protini ya kutosha, acha sigara hata kama ni kwa miezi hiyo tu kwasababu inabana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye mvunjiko, na dawa za maumivu usijichagulie mwenyewe kwa miezi, muulize daktari hasa kuhusu zile za kupunguza uvimbe.

Tuje kwenye maswali ya kila siku. Kutu hapana. Vyuma hivi ni titaniamu au stenlesi ya daraja la 316L, ile stenlesi ina kromiamu inayojitengenezea utando mwembamba juu yake na ndio unaoilinda. Havivuti radi. Havikamati sumaku za nyumbani. Ila stenlesi hiyo ina nikeli ndani, kwahiyo kama saa au hereni za bei rahisi huwa zinakuwasha ngozi, mwambie daktari kabla ya upasuaji, anaweza kuchagua titaniamu.

Mashine za ukaguzi uwanja wa ndege zinaweza kulia na zinaweza zisilie, inategemea chuma kina ukubwa gani na mashine imewekwaje. Mwambie mkaguzi kabla hujapita, mwonyeshe kovu akitaka, akikupapasa na kile kifimbo mwache amalize. Barua ya daktari inasaidia kueleza ila haikufanyi usikaguliwe.

MRI, ile mashine ya kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, watu wanaiogopa sana. Vyuma vingi vya mifupa vya siku hizi vinaruhusiwa kupita, kwa masharti, lakini anayeamua ni mtaalamu wa mashine akishajua ni chuma gani, kwahiyo sema mapema kabla hujaingia hata chumba chenyewe. Picha ya sehemu yenye chuma inaweza kutoka na kivuli, hiyo ni kawaida. Kuna kingine ambacho watu hawakisemi: kwenye fizio kuna mashine za kupasha joto kwa mawimbi ya umeme, chuma kinaweza kupata moto ndani ya nyama, mwambie mtaalamu kabla hajaiwasha. Na ukipasuliwa siku nyingine kwa tatizo lolote waambie una chuma wapi, ili ile pedi ya mashine ya umeme ya kukatia wasiibandike juu yake.

Ndo maana nasema omba karatasi ya upasuaji wako. Tarehe, mfupa gani, pleti aina gani, chuma gani, kampuni iliyotengeneza, skrubu ngapi na ukubwa gani. Piga picha hiyo karatasi na eksirei zako, tunza kwenye simu na mtumie ndugu mmoja. Siku ukitaka kutolewa vyuma na daktari mwingine, bila hiyo karatasi anaweza asiwe na bisibisi inayoingia kwenye vichwa vya skrubu zako, na hii sio utani.

Baridi ikiingia utasikia panauma au panakaza, hasa pale ngozi ilipo nyembamba kama muundi, kifundo au mtulinga. Vaa soksi ndefu, pasha misuli taratibu kabla ya kutembea. Kovu likishafunga kabisa lisugue kwa mafuta kila siku kwa kidole, ngozi isigande kwenye pleti, na likinge na jua mwaka wa kwanza.

Swali la mwisho ambalo kila mtu huuliza, vitolewe au vibaki? Mnamo 1886 daktari Hansmann wa Hamburg alipoandika kuhusu pleti, aliziacha zimetokeza nje ya ngozi kidogo ili azitoe kirahisi baadae, ndo mawazo ya wakati ule. Siku hizi kwa mtu mzima kama havisumbui mara nyingi vinabaki maisha yote. Watoto ni tofauti, mifupa yao inakua kwahiyo vingi hutolewa. Sababu nzuri za kutoa ni maambukizi, skrubu inayochoma chini ya ngozi, pleti inayozuia kiungo au kukwaruza msuli, kiatu kisichovalika. Kuvitoa ni upasuaji kamili, una hatari zake, na titaniamu mfupa unaikumbatia kiasi kwamba wakati mwingine skrubu inagoma kutoka. Mara nyingi wanasubiri angalau mwaka, miguu hata mwaka na nusu au zaidi.

Na vikitolewa ujue yanabaki matundu. Kila tundu la skrubu ni sehemu dhaifu mpaka mfupa ulijaze, inachukua miezi, kwahiyo hata kama unatembea siku ya pili yake bila shida, mpira, kuruka na kubeba mizigo mizito viache miezi mitatu minne mpaka daktari aone eksirei na akuambie endelea.