Funga Mzigo Kwanza, Ndipo Umtwike Mungu

"Huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote." Aya hiyo, 1 Petro 5:7, wengi wanaijua kwa ghibu, ila huiomba juu juu: "Bwana, niondolee wasiwasi." Dakika kumi baadaye wasiwasi uko palepale. Anayetwika kuni huzifunga kwanza. Zisipofungwa humwagika njiani, ukarudi kuokota kijiti kimoja kimoja.

Tenga dakika ishirini jioni, kabla ya chakula. Usingoje kitandani: mwili ukichoka, hofu hukua. Shika daftari na kalamu.

Andika kila linalokusumbua kwenye mstari wake, likiwa na kiasi na tarehe. "Maisha magumu" halitwikiki. "Ada ya muhula 400,000, mwisho tarehe 15, nina 150,000" linatwikika. Mfalme Hezekia wa Yuda alipoletewa waraka wa vitisho vya Waashuri, alipanda nyumbani mwa Bwana akaukunjua mbele zake (2 Wafalme 19:14). Nawe kama una barua ya benki au karatasi ya vipimo, iweke wazi mezani unapoomba.

Sasa fungua Zaburi ya 13. Ina aya sita tu. Katika aya ya 1 na 2 Daudi analalamika, akiuliza "hata lini" mara nne. Ya 3 na 4 anaomba. Ya 5 na 6 anatumaini. Kosa kubwa hutokea hapa: watu huruka malalamiko wakakimbilia shukrani, wakidhani kulalamika ni kukosa imani. Malalamiko yaliyorukwa hurudi saa nane usiku. Kwa hiyo, chini ya kila mstari wako, andika "hata lini" yako, ombi moja lililo wazi kiasi kwamba likijibiwa utajua, na jambo moja ambalo Mungu amekwisha kukutendea. Tumaini lisipokuja, soma aya ya 5 kwa sauti. Moyo una ruhusa ya kuchelewa.

Halafu gawa ukurasa: langu, la Mungu. Nehemia, akijenga upya ukuta wa Yerusalemu huku maadui wakimtishia, aliomba, akaweka na walinzi (Nehemia 4:9). Kumwona mhasibu wa shule kesho saa tatu ni lako. Atakavyoamua mhasibu si lako. Upande wako usizidi mambo mawili kwa siku. Wapo wanaouacha mtupu na kuuita imani. Huo ni uzembe tu.

Funga daftari, na usilifungue usiku. Wasiwasi ukirudi, na utarudi, usianze maombi upya. Sema, "Bwana, hili nimekwisha kukukabidhi," kisha endelea na ulichokuwa ukifanya. Ukianza upya kila mara, maombi yenyewe yanageuka kuwa njia nyingine ya kuwaza.

Jumapili pitia kurasa zote. Yaliyojibiwa yatie tarehe. Yaliyobaki yaandike upya, maana wiki moja huweza kubadilisha ombi lenyewe.

Usingizi ukikukimbia wiki mbili mfululizo, nenda hospitali. Ukiona unatamani kufa, usingoje hata kesho: nenda leo, na umwambie mchungaji au ndugu wa karibu. Hata nabii Eliya aliomba afe, akiwa chini ya mti wa mretemu (1 Wafalme 19). Malaika hakumkemea. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili.