RTOS gani kwa kifaa chako? Anza na ndoo ya maji

Juzi kijana mmoja aliniletea bodi ya kioski cha maji. Mteja anaweka tokeni, valvu inafunguka, kifaa kinahesabu lita 20 kisha kinafunga. Shida ni kwamba modemu ikianza kutuma taarifa, ndoo inafurika. "Kaka, niweke RTOS ipi?" RTOS ni programu ndogo ya msingi inayogawa muda wa chipu kati ya kazi kadhaa, ili ya haraka isisubiri ya polepole. Hili ndilo tulilofanya.

Hatua ya 1: Andika unaweza kuchelewa kiasi gani. Kihisi cha YF-S201 hutoa mapigo kama 450 kwa lita. Bomba likitoa lita 20 kwa dakika, modemu ikiishikilia programu sekunde 3 umeshamwaga lita nzima. Tukaandika: valvu ifungwe ndani ya milisekunde 50, yaani maji ya kijiko kimoja cha chakula. Ukishindwa kuandika sentensi kama hiyo, huhitaji RTOS. Mashine ya kutotolea vifaranga, kwa mfano, inatosha na lupu na taima. Joto la mayai halina haraka.

Hatua ya 2: Hesabu RAM. Kila taski (kazi moja inayoendeshwa na RTOS) ina staki yake, yaani sehemu ya RAM inayoitumia peke yake. Blue Pill, bodi ya kijana yenye chipu ya STM32F103C8, ina KB 20 tu. Angalia hapa: ukiandika 256 kama ukubwa wa staki kwenye xTaskCreate (kitendaji cha kuunda taski) ya FreeRTOS ya kawaida, RTOS ya bure, kwa chipu hiyo unapata baiti 1,024, kwa sababu inahesabu kwa maneno ya baiti 4. Kwenye ESP-IDF, zana za kuandikia programu za chipu za ESP32, 256 hiyo hiyo ni baiti 256.

Hatua ya 3: Chagua. Mimi naanza na FreeRTOS, na sioni aibu. Kwa ESP32 hata huulizwi, ESP-IDF inakuja nayo. Zephyr ni nzuri ukiwa na bodi za aina nyingi au Bluetooth, ila kaa tayari kusoma Kconfig na devicetree (mafaili yake ya mipangilio na ya kueleza bodi), na usiipakue kwa bando la siku. ThreadX ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2019, ikakabidhiwa Eclipse Foundation mwaka 2023, na sasa ni ya bure. VxWorks ni ya wenye bajeti. Mbed usianze nayo mradi mpya: Arm walishatangaza mwisho wake kuwa Julai 2026.

Hatua ya 4: Panga vipaumbele vya intarapti (ishara inayokatiza programu ili tukio lishughulikiwe papo hapo) kabla ya kitu kingine. Hapa nilipoteza usiku tatu miaka ya nyuma. Kifaa kilikuwa kinakwenda dakika kumi, kinaganda. Nikalaumu umeme, nikabadilisha kapasita, nikabadilisha hadi waya. Kumbe intarapti ya kihisi ilikuwa na kipaumbele 0.

Kwenye taski za FreeRTOS namba kubwa ndiyo bosi. Kwenye intarapti za Cortex-M, aina ya kichakataji kilichomo kwenye chipu hizi za STM32, ni kinyume: namba ndogo ndiyo bosi, na usipogusa kitu inabaki 0. STM32F103 ina ngazi 0 hadi 15. Kama configLIBRARY_MAX_SYSCALL_INTERRUPT_PRIORITY (mpaka unaouweka kwenye mipangilio ya FreeRTOS) ni 5, intarapti yoyote inayoita kitendaji cha FreeRTOS kinachoishia na FromISR lazima iwe kati ya 5 na 15. Ukiipa 0 inaingia katikati ya keneli (kiini cha RTOS) ikiwa inapanga orodha zake, inaziharibu, na kifaa kinakufa baadaye, mahali pasipohusika kabisa. Ndiyo maana huoni kosa.

Mambo ya kuangalia: mpangilio wa vipaumbele vya intarapti kwenye STM32 uwe NVIC_PRIORITYGROUP_4. Intarapti inayoongeza kihesabu tu bila kuita keneli inaweza kubaki juu. RP2040 ni Cortex-M0+, haina utaratibu huu, kwa hiyo usinakili mipangilio ya STM32 kuipeleka huko. Na washa configASSERT, ukaguzi wa makosa wa FreeRTOS, siku ya kwanza! Ingenionyesha mstari wenye kosa kwa dakika moja.

Ukiwa hapo hapo, data inayotumiwa na taski mbili ilinde kwa myuteksi (kufuli ya taski moja kwa wakati mmoja), si semafo ya baineri (ishara ya ndiyo au hapana), kwa sababu semafo hairithishi kipaumbele: taski ya chini iliyoshika data haipandishwi ili imalize haraka na kumpisha bosi anayesubiri. Pathfinder, chombo kilichotua Mars mwaka 1997 kikiendeshwa na VxWorks, kilikuwa kinajiwasha upya kwa sababu urithishaji huo ulikuwa umezimwa. Wahandisi waliurekebisha wakiwa duniani. Wewe kifaa chako kitakuwa kijijini, bila mtandao wa maana.

Hatua ya 5: Kiache usiku kucha, kisha soma uxTaskGetStackHighWaterMark, yaani staki iliyowahi kubaki kidogo kuliko zote. Ikikaribia sifuri, ongeza staki.

Kijana alibaki na Blue Pill yake, FreeRTOS na taski tatu. Valvu iko juu, modemu iko chini kabisa, na ndoo zinajaa hadi shingoni tu.